Jinsi ya kumsikiliza mwanamke ndani ya nyimbo za rock: mwongozo kamili kutoka Moshi

Habari zenu wadau. Aisee watu wa Moshi na Arusha tunasikiliza rock kuliko tunavyokubali wenyewe. Ukipanda Coaster ya Arusha dereva anakuwekea slow rock za zamani mpaka mnafika Usa River, ukienda send-off DJ anaweka Bryan Adams wakati keki inakatwa, ukiingia mitumba ya Kiboroloni tisheti za Nirvana na AC/DC zimetundikwa mbele kabisa. Nyimbo tunazijua na tunaziimba, ila maneno yake wengi hatujawahi kukaa nayo chini. Na humo kwenye maneno kuna wanawake wengi mno, yupo anayependwa, anayeogopwa, anayepigwa, anayelea watoto peke yake, aliyechoka, anayeondoka bila kugeuka nyuma, na saa nyingine hao wote ni mtu mmoja.

Mimi naamini kitu kimoja na mwongozo wote huu umekaa juu yake: mwanamke wa kwenye wimbo wa rock humwelewi mpaka ujue nani kashika maiki, na ukitaka kumwona mzima mara nyingi unahitaji nyimbo mbili, moja haitoshi. Sisi hii kazi tunaiweza kabisa kwa sababu taarabu imetulea hivyo, mtu akianza mipasho ukumbini kila mtu anauliza huyu anaimba kama nani na kijembe kinamwendea nani. Masikio hayo hayo ndo unayapeleka kwenye rock.

Hatua hizi unaweza kuzifuata peke yako na simu yako usiku, ila utamu upo mkiwa kikundi. Sisi tunakutana saluni ya rafiki yangu hapa Majengo Jumapili watu wakishatoka ibadani, wasusi wapo, wateja wapo, na kaka mmoja fundi simu wa duka la jirani anakuja na spika. Wanaume wakaribishwe, tena ni muhimu wawepo, utaona mbele kwa nini.

Maandalizi

Pakua nyimbo kabla, usitegemee bando siku yenyewe maana mtandao ukikwama katikati ya wimbo watu wanahamia kwenye stori zao na huwarudishi. Tafuta maneno ya wimbo, yasome wewe kwanza, alafu nenda steshenari wakuprintie kopi za kutosha, herufi kubwa, na uache nafasi pembeni ya kuandika. Kalamu za rangi mbili kila mtu. Kama kuna ambao Kiingereza hakijakaa sawa, mwenye kujua awasomee kwa Kiswahili vesi kwa vesi, maana tu inatosha, msipoteze muda kubishana neno moja moja. Nyimbo mbili kwa kikao kimoja, tatu ni mwisho, zaidi ya hapo mtakuwa mnasikiliza redio tu.

Jiandae na swali moja ambalo huku kwetu haliwezi kukosa, wengi tumekulia kwaya za usharika kwa hiyo lazima mtu ataulizia kama rock si muziki wa shetani. Jibu lake ni mwanamke. Sister Rosetta Tharpe, mzaliwa wa Arkansas Marekani mwaka 1915, amekulia kanisani akiimba na mama yake, akashika gita la umeme akaimba injili kwa namna ambayo wanaume waliokuja baadaye wakaitwa waanzilishi wa rock walikuwa wanamsikiliza yeye. Strange Things Happening Every Day aliirekodi 1944, Elvis Presley, yule wanayemwita mfalme wa rock, alikuwa bado mtoto wa shule. Ukumbi wa heshima wa rock kule Marekani ulimwingiza 2018, mwenyewe alishafariki tangu 1973. Wachezeshe dakika mbili tu za gita lake, mjadala wa shetani utakwisha wenyewe.

Hatua ya 1: sikiliza bila karatasi

Mara ya kwanza karatasi zikae zimefunikwa. Kila mtu aandike neno moja tu, huyo mwanamke kamwona vipi. Basi. Hilo neno litunzwe, mtalirudia mwisho.

Hatua ya 2: uliza nani kashika maiki

Hapa ndo pa kuanzia kazi yenyewe. Maswali ni matatu, anayeimba ni nani, maneno kayaandika nani, na anaambiwa nani. Hayo matatu yanaweza kuwa watu tofauti kabisa na watu wengi hawajawahi kuyatenganisha.

Mfano mzuri kuliko yote ni Hound Dog. Watu wanajua ni ya Elvis, ya 1956, wimbo wa kuchekesha fulani hivi kuhusu mbwa. Sasa tafuta ya kwanza, ya Big Mama Thornton, kairekodi 1952 Los Angeles na ikatoka 1953. Yule mama mwenye sauti nzito hasemi na mbwa, anasema na mwanaume, mdoezi anayezunguka mlangoni kwake kutafuta kulishwa na kufugwa, na anamwambia nimeshakujua, sikulishi tena. Mwanamke mwenye nyumba yake, chakula chake na uamuzi wake. Wimbo ukahamia kwa mwanaume, mistari ikabadilishwa, wakaongezewa habari za sungura, na yule mwanamke akatoweka. Alafu weka na hili juu, maneno ya mwanzo waliandika vijana wawili wa kiume wa miaka 19, Jerry Leiber na Mike Stoller, kwa hiyo hata ule ukali wa mama umeandikwa na wavulana, ila yeye ndo kaupa mwili. Tukifika hapa huwa saluni inagawanyika, wengine wanasema mwenye wimbo ni aliyeandika, wengine wanasema ni aliyeuimba mpaka ukaaminika. Mimi nipo upande wa pili na siyumbi.

Kwa hatua hii hii wachezeshe pia Every Breath You Take ya The Police, 1983. Unapigwa kwenye maharusi, mwandishi wake Sting mwenyewe kasema mara kibao kwamba ule si wimbo wa mapenzi matamu bali wa mtu anayemchunga mwenzake kila hatua. Waambie dada zako wausome wakijiweka ni yule anayeangaliwa. Kila pumzi, kila hatua, kila siku. Uso wa mtu unabadilika palepale.

Hatua ya 3: piga mstari chini ya kila anachofanya

Chukua kalamu mbili. Rangi ya kwanza piga mstari chini ya kila kitu ambacho mwanamke anafanya, rangi ya pili chini ya kila kitu anachofanyiwa au anachosemwa kuhusu yeye. Usitafsiri chochote bado, piga mistari tu, alafu hesabu.

Tufanye pamoja kwa Wonderful Tonight ya Eric Clapton, ya 1977, maana hiyo ndo inayoongoza huku kwetu, keki, shampeni, bwana harusi na bibi harusi wanafungua dansi. Ukimsoma mwanaume anavyomwelezea, huyu ni malaika, kavaa kapendeza, ukumbi mzima unageuka kumwangalia. Sasa fuata rangi ya kwanza. Anachagua nguo. Anajipodoa. Anachana nywele. Anamuuliza mwanaume, nimekaa sawa? Wanaenda kwenye sherehe, anamuuliza tena, unajisikia vizuri? Kichwa cha mwanaume kinamuuma, anampa funguo za gari, mwanamke ndo anaendesha, anamfikisha, anamsaidia kupanda kitandani.

Umeona? Mwanamke kwenye wimbo mzima anaongea mara mbili na zote ni maswali, moja kuhusu kama anamridhisha mwanaume kwa sura na la pili kuhusu afya ya mwanaume. Mwanaume haulizi hata swali moja. Na pale katikati ndo anageuka kidogo kumwambia "wewe" hujui nakupenda kiasi gani, jiulize atajuaje wakati sehemu kubwa ya wimbo anasimuliwa msikilizaji na siyo yeye? Dada mmoja anayeuza ndizi Mbuyuni alipofika mwisho wa karatasi alisema, "Kumbe huyu mama kaenda sherehe kumbeba mlevi." Kimya kidogo, alafu kina mama watatu wakaanza kuongea kwa pamoja.

Na hajakosea. Mwanamke mwenyewe ni Pattie Boyd, Clapton aliandika wimbo 1976 akimsubiri avae watoke, na ulevi wake wa miaka ile Clapton mwenyewe hajawahi kuuficha. Huyo huyo Pattie ndo Layla wa mwaka 1970, wakati huo alikuwa mke wa George Harrison wa Beatles ambaye ni rafiki yake Clapton, na jina la Layla lilichukuliwa kwenye kisa cha zamani cha Laila na Majnun kilichoandikwa na mshairi Nizami. Kwa hiyo mwanamke mmoja, kwenye wimbo wa kwanza ni moto unaomchoma mtu magotini, kwenye wa pili ni mwenzi mtulivu mwenye funguo za gari, na kwenye zote mbili hajasema lake. Lake alilisema 2007 alipotoa kitabu cha maisha yake. Mimi simwambii mtu aache kuupiga kwenye harusi, wimbo ni mzuri na yule mtu alikuwa anapenda kweli, ila nataka bibi harusi aujue anaoucheza.

Hatua ya 4: tafuta upande wa pili

Hii ndo hatua ninayoipenda na ndo inayoleta ule utata wote. Kila wimbo mwanaume anapomlaumu mwanamke, tafuta wimbo ambao mwanamke anajibu, na kinyume chake. Saa nyingine zipo mbali mbali miaka kumi, saa nyingine zipo kwenye albamu moja.

Rumours ya Fleetwood Mac, 1977. Bendi ya watu watano, wawili walikuwa wapenzi wanaachana, wawili wengine mke na mume wanaachana, na wote wanashinda studio moja kule Sausalito California wanarekodi. Lindsey Buckingham, mwanaume, akaandika Go Your Own Way akimrushia maneno Stevie Nicks, mwanamke waliyekuwa wanaachana, kuna mstari unamtuhumu kwamba anachotaka ni kufunga mabegi na kwenda kuishi na watu wengine. Stevie alisema siyo kweli na aliomba mstari utolewe, haukutolewa. Sasa sikiliza sauti za nyuma kwenye wimbo huo, Stevie mwenyewe anaitikia! Mwanamke anamwitikia mtu anayemchafua, tena kwa sauti safi, kwa sababu ni kazi na bendi ni yake pia. Nani katika sisi hajawahi kufanya hivyo, ofisini, kwenye familia ya mume, kwenye kikoba?

Jibu lake ni Dreams, na hapo utaona tofauti. Hagombani. Anasema unataka uhuru wako, mimi ni nani nikuzuie, ila utakaposikia upweke wako unavyolia utanikumbuka. Waulize kikundi nani mkali kati ya hao wawili. Wanaume wengi wanasema Lindsey kwa sababu ya magita, wanawake wengi wanasema Stevie, na mnaweza kubishana hapo nusu saa nzima na kila mtu akawa na hoja. Alafu mwonjeshe mtu You Make Loving Fun ya Christine McVie kwenye albamu hiyo hiyo, ameandika kuhusu mpenzi mpya huku aliyekuwa mumewe ndo anapiga besi, na mume alivyouliza akaambiwa wimbo ni wa mbwa. Mwanamke mwenye furaha, mwenye siri, na mwenye huruma ya kutomuumiza mtu kazini, wote ndani ya dakika tatu na nusu.

Jozi nyingine ni ya uchawi. Rock imejaa wanawake wachawi. Black Magic Woman, Peter Green aliiandika Fleetwood Mac wakaitoa 1968, Santana wakaifanya kubwa 1970, mwanaume analalamika mwanamke kamroga anataka kumfanya shetani. Huku kwetu tungesema kawekewa limbwata tukamaliza. Angalia hiyo kesi inavyoendeshwa, mwanaume kapenda kupita kiasi, kashindwa kujizuia, na mwenye kosa ni mwanamke. Sasa weka Rhiannon ya Stevie Nicks ya 1975, naye ni mchawi, jina katoa kwenye riwaya yenye hadithi za Wales, ila hapa hakuna anayerogwa. Ni mwanamke anayepaa kama ndege, hakuna mwanaume aliyeweza kumshinda, na swali analoulizwa msikilizaji ni kama wewe unaweza kumpenda mtu ambaye huwezi kumfunga. Bendi ni ile ile ila imebadilika watu, na kilichobadilika kingine ni mkono ulioshika kalamu. Wape kikundi jozi hiyo bila maelezo, waache wagundue wenyewe.

Hatua ya 5: tafuta mahali wimbo unapogeuka

Nyimbo nzuri kuhusu wanawake karibu zote zina kona. Mwanamke anaanza hivi, anaishia vile, na kona inaweza kuwa neno dogo tu.

Fast Car ya Tracy Chapman, 1988. Najua kuna watakaosema ile ni folk, sawa, ila ina gita, ina hasira imekunjwa, na kila mtu mwenye umri wangu Moshi anaijua, kwa hiyo inaingia. Karatasi mkononi, twende taratibu. Msichana ana baba mlevi, mama kaondoka kwa sababu alitaka maisha zaidi ya pale. Msichana anasema lazima mtu amwangalie baba, basi anaacha shule. Simama hapo. Mwanamke wa kwanza kwenye wimbo ni mama aliyeondoka, na wa pili ni binti anayelipa gharama ya kuondoka kwa mama. Uliza kikundi, mama alikosea? Usikubali jibu la haraka. Huku kwetu kila ukoo una binti mkubwa aliyeacha shule ili wadogo wasome au mzazi auguzwe, na kila ukoo una shangazi ambaye jina lake linatajwa kwa sauti ya chini kwa sababu aliondoka. Wimbo hauwahukumu wote wawili, na mimi naona hapo ndo ukubwa wake ulipo.

Endelea. Anakutana na kijana mwenye gari, mpango ni kuondoka. Kuna mstari unarudi rudi na swali lake ni kama gari lina mbio za kutosha SISI tupae, SISI tuamue. Wanaondoka. Yeye anapata kazi ya keshia dukani, baadaye kazi nzuri inayolipa bili zote, kijana anashinda baa, marafiki anawaona kuliko watoto wake. Binti amekimbia nyumba ya mlevi akaijenga nyingine kwa mikono yake. Na sasa kona yenyewe: kwenye mwisho wa wimbo ule ule mstari unarudi ila siyo sisi tena, ni WEWE. Gari lina mbio za kutosha WEWE upae, WEWE uamue. Gita halijabadilika hata kidogo, na mwanamke ameshafunga mlango. Waambie watu wazungushie duara yale maneno, la mwanzo na la mwisho, wayaangalie.

Mwaka 2023 Luke Combs, mwanaume, muimbaji wa country, aliurudia na akaacha maneno karibu yote kama yalivyo, hata pale anayeimba anaposema yeye ni msichana wa kazi ya keshia. Hiyo nayo ni mada, linganisheni na Hound Dog muone mwanaume akichukua wimbo wa mwanamke anaweza kuamua nini.

Ukitaka mfano mwepesi wa kufanya mazoezi, Lady Madonna ya Beatles, 1968. Mama na watoto wake, mtu anamshangaa anapata wapi hela. Siku za wiki zinatajwa moja moja isipokuwa Jumamosi. Waulize Jumamosi yule mama alikuwa wapi. Majibu yatakayotoka yatakwambia zaidi kuhusu waliokaa hapo kuliko kuhusu Beatles.

Hatua ya 6: usiruke nyimbo zinazokera

Kuna mtu atapendekeza tusikilize zile nzuri tu. Kataa. Under My Thumb ya Rolling Stones, 1966, mwanaume anajigamba binti aliyekuwa anamsumbua sasa kamkalia chini ya dole gumba, mpaka anamfananisha na paka wa kufugwa. Ipigwe, isomwe, na wanaume waliopo ndo waanze kuongea, ndo maana nilisema waje. Swali la kuwauliza ni moja, huyu jamaa anaogopa nini?

Na wanawake nao wana zao. Misery Business ya Paramore, 2007, Hayley Williams kaiandika akiwa binti mdogo bado, anamtukana binti mwenzake kwa sababu ya mvulana, na mvulana hajaguswa. Alipokua aliukosoa ule mstari wa tusi hadharani, 2018 akasema bendi inaacha kuupiga, na 2022 wakaurudisha jukwaani. Mimi hapa nakaa sana kwa sababu huku kwetu ule msemo kwamba adui wa mwanamke ni mwanamke mwenzake unasemwa kama aya ya Biblia. Mpe kila mtu karatasi aangalie mvulana katajwa mara ngapi na kalaumiwa mara ngapi.

Hasira nayo iheshimiwe. You Oughta Know ya Alanis Morissette, 1995, inaanza kwa adabu kabisa, nakutakia heri wewe na huyo mpya wako, na adabu inaisha kabla ya kiitikio. Mwanamke aliyefundishwa kuaga vizuri anashindwa kuaga vizuri, ndo wimbo mzima huo. Mwaka huo huo Gwen Stefani wa No Doubt akatoa Just a Girl, baba yake alikuwa anamgombeza kwa kuendesha gari usiku wakati ni mtu mzima. Binti yoyote wa Arusha ambaye saa moja jioni simu yake inaita mfululizo uko wapi, nani kakuleta, bodaboda gani, anauelewa bila karatasi.

Hatua ya 7: nyimbo nzito ziwe na maandalizi yake

Behind the Wall ya Tracy Chapman, albamu ile ile ya 1988. Haina ala hata moja, ni sauti yake peke yake. Anayesimulia ni jirani. Anasikia mayowe upande wa pili wa ukuta, anajua kupiga simu polisi ni kazi bure, wakifika wanasema hawaingilii mambo ya mume na mke, na siku moja mayowe yanafuatwa na ukimya na gari la wagonjwa barabarani. Mwanamke mwenyewe hatumsikii akiongea. Ukuta ndo umebaki.

Usiufungulie huu wimbo kwenye kikao cha kwanza. Waambie watu mapema unahusu nini, mwenye kutaka kutoka atoke bila kuulizwa. Usimuulize mtu yeyote kama imewahi kumpata. Uliza kuhusu jirani, jirani alipaswa kufanya nini, na sisi tunafanya nini tukisikia usiku? Uwe unajua dawati la jinsia na watoto la polisi lililo karibu lipo wapi na ofisi ya ustawi wa jamii ipo wapi, kwa sababu mtu anaweza kukufuata pembeni mkishamaliza, na akikufuata nenda naye, usimpe tu maelekezo. Pia wakumbushe hii si habari ya Marekani peke yake, Siti binti Saad kule Zanzibar aliimba Kijiti, kisa cha mwanamke aliyeuawa na muuaji akakimbia, miaka mingi kabla Tracy hajazaliwa.

Zombie ya The Cranberries inakaa hapa pia. Wote tunapiga kelele kwenye kiitikio. Dolores O'Riordan aliandika baada ya bomu la Warrington Uingereza Machi 1993 lililoua watoto wawili, mmoja wa miaka 3 na mwingine wa miaka 12, vesi ya kwanza inaanza na kichwa kilichoinama na mtoto anayechukuliwa, na ya pili ina mama ambaye moyo wake unavunjika. Yule anayeunguruma ni mwanamke anayesema kwa niaba ya mama ambaye hana nguvu ya kuunguruma. Isikilizeni mkiwa mmekaa.

Hatua ya 8: andikeni

Kabla ya kuandika mpige King ya Florence and the Machine, 2022. Watu wawili wanabishana jikoni kama wazae au wasizae, na mwanamke anapima kazi yake, mwili wake, muda wake, anaishia kusema yeye si mama wala bibi harusi, yeye ni mfalme. Kwa kijana wa miaka 30 na kitu ambaye kila Desemba watu wakipanda nyumbani Marangu au Kibosho anaulizwa mjukuu yuko wapi, huu wimbo ni mazungumzo aliyokuwa anayafanya peke yake kichwani. Usimsahihishe mtu hapa. Mwenye watoto wanne na asiye na mtoto wote waseme.

Alafu rudini kwenye lile neno moja mliloandika hatua ya kwanza. Kila mtu aandike mistari minne kwa Kiswahili au Kichaga au Kimasai au chochote anachoongea nyumbani, ya mwanamke wa kwenye wimbo ambaye hakupewa nafasi kuongea. Pattie gari likiwa limezimwa. Mama wa Fast Car yuko kituo cha basi. Binti wa Under My Thumb. Msisome kwa zamu kama darasani, anayetaka anasoma, asiyetaka anakunja anaweka kwenye pochi.

Kama ndo mnaanza, mpangilio wangu ni huu: kikao cha kwanza Hound Dog zote mbili na Wonderful Tonight, cha pili Go Your Own Way na Dreams, cha tatu Fast Car peke yake kwa sababu inamaliza muda wote, Behind the Wall isubiri mpaka watu wamezoeana. Na karatasi za kopi chapisha zaidi ya idadi ya watu, kila mara kuna mteja aliyekuja kusuka tu ataomba moja.